Kamera kwenye Kiti cha Melania

Selestini, fundi pikipiki wa Rusimbi, alishinda mbio za Saba Saba miaka mitatu mfululizo, na miaka yote mitatu mshauri wake nilikuwa mimi. Ukimuuliza atakwambia ushauri wangu ulikuwa neno moja tu, "kanyaga". Sawa. Lakini nani mwingine alimwambia? Naitwa Amuri, mtoto wa Ujiji, wa ukoo uliovuka ziwa kutoka Kongo kabla Mjerumani hajaleta reli. Shule nilifika darasa la nne, na la tano ningelifika kama mwalimu asingeona kwamba nitamzidi. Nayasema haya mapema kwa sababu mwaka wa nne Selestini alikuwa wa mwisho, na huko nako mkono wangu ulikuwemo.

Ni mtu mfupi, mabega mapana, Muha wa upande wa Kasulu, na maneno kwake yalikuwa kama sukari ya mgao: unapewa robo na unashukuru. Alifanya kazi gereji ya ushirika, akitengeneza malandrova ya serikali na pikipiki za mabwana shamba. Pikipiki yake mwenyewe, Jawa nyekundu, aliiunda kutoka kwenye mizoga mitatu iliyotupwa nyuma ya gereji. Maneno yote ya nyumba ile alikuwa nayo mkewe, Melania. Huyo alikuwa shemeji yangu wa utani. Aliniita Mzee wa Sifa, na siku asiponitukana nilirudi nyumbani nikijiuliza nimemkosea nini.

Njia ya mbio ilikuwa pale Rusimbi, mduara wa udongo mwekundu ambao vijana wa chama waliufyeka kuzunguka michikichi. Inaanza tambarare, inapita katikati ya michikichi, inapanda kilima, na kileleni kuna kona. Kabla ya kona huoni kitu ila udongo. Ukiikata, ziwa lote linakujia usoni kwa mara moja, na milima ya Kongo ng'ambo.

Kila asubuhi ya Saba Saba, watu hawajafika, Selestini alimpakia Melania nyuma akazunguka naye mara moja, polepole, kuikagua njia. Kwenye ile kona Melania alipiga kigelegele mpaka sisi tuliokuwa chini tukamsikia. Halafu filimbi ya mwenyekiti inalia, waendeshaji wanaitwa, naye anashushwa. Kanuni ilikuwa pikipiki moja, mtu mmoja. Kila mwaka alishuka akinung'unika kwamba anaondolewa jikoni chakula kinapoiva.

Mwanzoni mwa mwaka 1971 akaanza kukosa pumzi. Alikuwa akipepeta mchele anapumzika mara tatu, halafu miguu ikavimba. Daktari alisema moyo umepanuka, hakuna cha kufanya ila kumlaza na kumpa vidonge, na akakataza kabisa asitikiswe, iwe kwa gari au baiskeli. Basi wakamrudisha kwa mama yake, Mama Rozalia, huko Mwandiga, kama ilivyo desturi mke anapouguzwa. Wanaume wanane tulimbeba kwa machela, tukitembea kama watu waliobeba mayai. Na Mwandiga iko bara. Huko utaona mihogo na migomba upendavyo, ila ziwa hulioni hata ukipanda juu ya paa.

Mwezi wa tano tulikwenda kumwona. Selestini akamuuliza amletee nini kutoka mjini. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya kinu, nasubiri kusikia machungwa au sabuni.

"Niletee ule mzunguko wa mbio mliokuwa mkinishusha nisiuone," Melania akasema.

Selestini akamkumbusha daktari amesemaje.

"Sijasema nipande. Nimesema nautaka."

Nyumba ikanyamaza, na mimi kimya hunipa homa. Nikasema mbona jambo dogo. Padri Oswald wa misheni anayo kamera ya sinema, ile aliyotuonyesha nayo ubatizo na ng'ombe wanaokunywa maji. Kamera itapanda pikipiki badala ya Melania, na mimi na Selestini tutaifunga kwa siku moja. Nikaongeza kwamba Kalemie nilishawahi kuwafungia Wabelgiji kamera za namna hiyo. Nilikuwa sijagusa kamera tangu kuzaliwa.

Melania hakunitazama mimi. Alimtazama mumewe. "Utaniletea?"

"Nitakuletea," akasema Selestini.

Padri Oswald alikuwa mzee mwembamba aliyeongea Kiswahili cha vitabuni. Alisikiliza habari yote, akaenda chumbani akarudi na kamera ndani ya mfuko wa ngozi. Haikutumia betri. Ilikuwa na ufunguo ubavuni, unauzungusha kama wa saa ya mezani, na springi ikijaa inakwenda nusu dakika tu, kisha inakufa mpaka uizungushe tena. Rola ya filamu alikuwa amebakiwa na moja, ya dakika nne. Nyingine zingekuja Krismasi. Na ikishapigwa ni lazima isafiri kwa treni mpaka Dar es Salaam, halafu kwa ndege mpaka Ulaya ikaoshwe, ndipo irudi. Miezi minne, akasema. Selestini akaanza kuhesabu vidole kuanzia Julai, akafika wa nne akaurudisha mkono mfukoni. Mama Rozalia alikuwa ameshatuambia kwamba daktari hakuahidi chochote zaidi ya mvua za vuli.

Kuifunga hakukuwa kazi ya siku moja. Ilichukua wiki tano, nami nikiwa msimamizi. Hatukuweza kujaribu kwa filamu, maana rola ni moja, basi Selestini akatumia kikombe cha bati. Alikijaza maji mpaka mdomoni, akakifunga mahali pa kamera, akazunguka njia nzima, akarudi kuangalia kimebaki kiasi gani. Kwenye usukani kikombe kilirudi kikavu na shati lake likarudi limelowa. Juu ya tangi la petroli, juu ya vipande vya tyubu vilivyopangwa kama chapati, yalibaki maji ya kunywa kuku. Nilimwambia anywe yaliyobaki tuende nyumbani.

Jioni moja aliacha spana akakaa chini. Akaniuliza Melania alipokuwa anakaa nyuma, macho yake yalifika wapi. Nikasema kwenye sikio lako. Akasema sikio si kipimo.

Jumapili ikamkuta Mwandiga na kamba mfukoni. Tulimkalisha Melania kwenye kigoda, Selestini akapiga magoti, akaivuta ile kamba kutoka alipokalia mpaka kwenye macho, akafunga fundo. Mama Rozalia alikuwa mlangoni na sahani ya ndizi. Alipoona kamba aliiweka sahani chini akatoka nje, na hakurudi mpaka tunaondoka. Kwetu mgonjwa hapimwi kwa kamba. Kamba huja na seremala wa jeneza. Selestini analijua hilo kama ninavyolijua mimi, ila siku ile hakuna kati yetu aliyelikumbuka, na lilipotujia fundo lilikuwa limeshafungwa.

Melania aliliona. Akatutazama mmoja mmoja, akacheka kwa kile kicheko chake kilichokuwa kimebaki nusu. "Ongeza kidole kimoja," akasema. "Mimi nilikuwa nanyoosha shingo."

Selestini akalisogeza fundo.

Kwa kipimo kile alisimamisha bomba la chuma juu ya kiti cha nyuma, likakazwa kwa bolti mbili kwenye fremu. Juu yake akaweka bamba, juu ya bamba mto mdogo wa sufi ulioshonwa kwa turubai, na juu ya mto kamera, imefungwa msalaba kwa mikanda ya tyubu. Waya wa breki ya baiskeli ulitoka kwenye kitufe chake mpaka usukani, ili aianzishe kwa kidole. Bado bomba liliyumba. Mwishoni alilifunga kiunoni kwake mwenyewe, mkanda mmoja kulia na mwingine kushoto, ikakutana tumboni. Safari hiyo kikombe kilirudi na robo tatu ya maji. Nikamuuliza inajisikiaje kuendesha umefungwa hivyo.

"Kama mtu amenishika," akasema.

Nilikuwa na mzaha tayari mdomoni. Nikaumeza.

Siku ya Saba Saba mwenyekiti wa mbio alikuwa Gervasi, mtu wa kanuni hata anapokunywa chai. Aliizunguka Jawa mara mbili. Akasema kanuni ni pikipiki moja, mtu mmoja. Nikamwambia ahesabu watu. Akasema hilo dude ni zito, linaweza kumdondokea mwenzake. Nikaanza kumweleza habari za Wabelgiji wa Kalemie, na ndipo Selestini akanikata.

"Ni kiti cha mke wangu, mwenyekiti."

Gervasi alimfahamu Melania. Yeye ndiye aliyekuwa akimpulizia filimbi ashuke. Alivua kofia, akaivaa tena, akasema tu tusielekeze kitu hicho bandarini, maana huko kupiga picha ni marufuku, kisha akaenda kuwapanga wengine.

Mizunguko ilikuwa minane. Kazi yangu ilikuwa kusimama kwenye mstari na kuzungusha ufunguo kila Selestini anapofika. Bendera ikashuka, akaondoka, na kwa namna alivyozoea akatoka kwenye michikichi akiwa wa kwanza. Akamaliza mzunguko akiwa wa kwanza. Halafu akasimama mbele yangu, injini inanguruma, na wenzake wote kumi na mmoja wakampita.

"Imekufa hatua chache kabla ya kona," akaniambia. "Nimevuta waya mapema mno. Sasa nitangoja mchikichi wa mwisho."

Nikazungusha ufunguo. Kioo cha kamera kilikuwa kimejaa vumbi, nikakifuta kwa shati, na papo hapo nikapata akili. Mnajua wanawake wa Katonga, kule ufukweni, wanaoparua samaki. Kabla hawajaanza hupaka mikono mawese, ili magamba yasigande. Miaka yote nimewaona, na kweli hayagandi. Nami chupa ya mawese nilikuwa nayo miguuni, ya kulainishia mnyororo. Kama magamba hayagandi, vumbi litaganda vipi? Nikachovya kidole gumba nikapaka kioo, tone moja tu, nikalisambaza. Kiling'aa kama jicho la mtoto. Nilijisikia fundi kuliko fundi.

Selestini hakuona. Alikuwa anatazama mbele, kwenye njia. Alirudi mara sita zaidi, na mara zote sita nilizungusha, nikafuta, nikapaka. Watu walianza kumcheka mzunguko wa tatu. Wengine walisema amebeba redio, wengine kwamba amemfunga pepo mgongoni. Bingwa wa miaka mitatu akapitwa hata na karani wa posta aliyeazima pikipiki ya bosi wake. Kijana mmoja wa Katonga ndiye aliyechukua kikombe. Selestini alifika wa mwisho, peke yake, akazima injini, na uso wake ulikuwa unacheka. Tangu machela ile sikuwa nimeyaona meno yake.

"Mara saba," akaniambia. "Kona nimeipata mara saba."

Alipokuwa anaifungua kamera pale kivulini aliisogeza karibu na uso, akakaa nayo hivyo kitambo. Nilidhani amechoka. Halafu akatoa kitambaa safi, akafuta kioo taratibu mpaka kikatakata, akaipeleka misheni mwenyewe.

Rola ikaondoka na treni ya wiki ile. Tukabaki na kungoja. Melania alikuwa anapungua uso na kuongezeka miguu. Mimi kila Ijumaa baada ya swala nilitembea mpaka Mwandiga kumsimulia mbio zile, na kila Ijumaa zilikuwa ndefu kidogo. Karani wa posta alipoanguka kwenye tope (hakuanguka, na Julai hakuna tope) Melania alicheka mpaka Mama Rozalia akaja kunifukuza. Oktoba aliacha kuuliza habari za karani. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Kona inaonekana, shemeji?"

"Ziwa lote," nikamwambia. "Hata mitumbwi ya dagaa utaihesabu."

Kifurushi kilifika katikati ya Novemba, mvua zimeshaanza. Padri hakukifungua. Alipakia projekta na jenereta ndogo kwenye gari, akaja navyo moja kwa moja Mwandiga. Ilikuwa mchana, kwa hiyo tuliziba madirisha kwa mablanketi na mikeka, tukatundika shuka ukutani mbele ya kitanda. Jenereta tuliiweka nje, nyuma ya ukuta wa kichwani kwake. Ilipowaka ilinguruma vilevile kama Jawa, na Melania akainua kichwa.

Picha ya kwanza ilikuwa safi kama maji ya kisima. Bendera. Kofia ya Gervasi. Halafu shingo ya Selestini, kubwa, karibu kabisa, na lile kovu lake la kuungua na ekzosi chini ya sikio. Waendeshaji wengine kulia na kushoto, viwiko vinakaribia kugusana. Michikichi ikaanza kukimbia pembeni.

Melania akashika ukingo wa kitanda. "Ni mimi huyo," akasema. "Mimi ndiye ninayeona."

Kilima kikaja. Shingo ikainama, udongo ukapanda, ukapanda, na pale ambapo kichwa cha Selestini kilianza kulala upande ili akate kona, picha ikakatika. Weupe kidogo. Halafu ukuta mzima ukawa mwekundu.

Mwekundu, wenye vivuli vinavyotikisika ndani yake. Padri akazungusha kioo cha projekta huku na huku, akaomba radhi, akasema labda mashine imeharibika njiani. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye kona ya chumba, na sikuhitaji mashine iniambie. Rangi ile nimelelewa nayo. Nimekula wali wake, nimepakwa nikiwa kichanga, na nikiwa na miaka thelathini na sita nilikuwa naitazama inafunika ziwa Tanganyika, kwa kidole changu mwenyewe.

"Acha, Padri," Selestini akasema. "Ni vumbi. Siku ile vumbi lilikuwa kali."

Akaenda akakaa kitandani, mgongo kwa mkewe, kama mtu anayekaa kwenye pikipiki. Akaichukua mikono ya Melania, iliyokuwa imevimba mpaka pete imekatwa, akaizungusha kiunoni kwake, wa kulia na wa kushoto, ikakutana tumboni. Na yule mtu wa maneno ya mgao akaanza kusema, na hakunyamaza mpaka filamu ilipokwisha.

"Tumetoka. Amuri yuko mstarini, kinywa wazi kama kawaida yake. Sasa michikichi. Inamisha kichwa, kuna tawi. Mchikichi wa mwisho huo. Navuta waya. Tunapanda, nishike. Jiwe. Jiwe jingine. Kona sasa, lala na mimi, lala. Haya."

Nje jenereta inanguruma. Melania alikuwa ameweka paji la uso mgongoni kwa mumewe, kwa hiyo hata huo wekundu hakuuona. Macho yake yalikuwa yamefumbwa.

"Unaliona?" Selestini akamuuliza.

"Naliona."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka ng'ambo."

Akampitisha pale mara saba. Mara ya saba utepe ukaisha, ncha yake ikawa inapiga, tap, tap, tap, na Padri alikuwa amesahau kuizima projekta. Melania alikaa vilevile. Akasema, kwa sauti ya mtu anayesinzia, "Mara hii hukunishusha."

Alifariki siku ya tisa baada ya hapo, asubuhi, mama yake akimnywesha uji. Seremala alipokuja na kamba yake, Selestini alimwomba asiitumie. Alimpimia urefu wa mkewe kwa mikono yake, ukutani, na seremala akachora alama za mkaa.

Matanga yalipoanuliwa nikaenda gereji. Siku nne nilikuwa nimeandaa la kusema, lenye utangulizi na mifano. Nilimkuta amelala chini ya landrova, miguu tu ndiyo iko nje. Utangulizi wote ukanipotea. Nikaiambia ile miguu kwamba halikuwa vumbi. Nikasema ni mawese, nilipaka mimi, mara saba.

Spana ikasimama, ikaendelea.

"Najua," akasema.

Nikamuuliza tangu lini.

"Siku ile ile. Niliinusa nikiifungua." Akatoka chini ya gari, akakaa, akatafuta kitambaa. "Nilimwomba Padri rola nyingine. Hakuwa nayo."

Nikamwambia basi ameniacha miezi minne natembea mpaka Mwandiga kumdanganya mgonjwa habari za ziwa, na yeye anajua hakuna ziwa. Kwa nini hakuniambia. Kwa nini hakunipiga, hata kofi moja.

Selestini alifuta mikono kidole kimoja kimoja, kama alivyofuta kile kioo.

"Ningekwambia usingekwenda tena," akasema. "Na alikuwa anacheka Ijumaa tu."

Akarudi chini ya gari. Kulikuwa na nati iliyohitaji mtu wa kushika upande wa juu. Nikachukua spana ya pili nikaishika, yeye akikaza kule chini, mpaka adhana ya alasiri.